Mgeni na Jembe: Mafunzo ya Dakawa

Wahenga wetu walipomuaga kijana aliyeshika njia walimwambia, "Tembea uone." Hawakumwambia, "Tembea upate." Twadhani tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Kupata kwaweza kuwa bahati. Kuona ni kazi. Mtu aweza kuvuka bahari, akakaa miaka minne katika mji mkubwa wa ugenini, akarudi na cheti kizuri na sanduku jipya, lakini macho yake yakawa yale yale aliyoondoka nayo. Mwingine aweza kwenda mwendo wa siku mbili tu, akarudi amepanuka, ilhali bado ni mtoto wa mama yake. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya vijana wanaokwenda kusoma nchi za mbali, swali letu lisiishie katika kuuliza wamesomea nini. Yatupasa tuulize pia wameona nini, na wamekuwa watu wa namna gani kwa kuona huko.

Aghalabu jambo hili huelezwa kwa habari za kijana wetu anayekwenda Ulaya, Asia au Marekani. Sisi tutapita njia nyingine. Tutaeleza habari za vijana wa nchi nyingine waliokuja kusoma kwetu. Tulizaliwa na kukulia Dakawa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, katika bonde la Mto Wami. Elimu yetu ni ya sekondari, na utumishi wetu wa serikali tumeufanya humu humu nchini. Lakini tangu tukiwa na umri wa miaka 12 tuliishi jirani na wanafunzi waliotoka mbali, na kwao tulijifunza maana ya kusoma ugenini kabla hatujavuka mpaka wowote.

Tuanze na historia, kwa kuwa wanafunzi wetu wa leo hawakuiona. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto katika Afrika Kusini waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo yao kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu waliowatawala. Walipigwa risasi. Katika miezi iliyofuata, vijana wengi walikimbia nchi yao kwa kupitia Swaziland, Botswana na Msumbiji, na wengi wao wakafika Tanzania. Mwaka 1977 Serikali yetu ilikipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Mkuu wa Mkoa wakati huo alikuwa Mama Anna Abdallah. Shule ilianza mwaka 1978. Tarehe 6 Aprili 1979, kijana Solomon Mahlangu alinyongwa na serikali ya Makaburu mjini Pretoria, akiwa na umri wa miaka 22, na shule ile ikapewa jina lake. Wageni walipozidi nafasi, Serikali ilitoa ardhi nyingine mwaka 1982, nayo ndiyo ya kwetu Dakawa. Wanafunzi wapya walitangulia kukaa hapo, mahali palipopewa jina la Ruth First, mwandishi na mpigania uhuru aliyeuawa kwa bomu mjini Maputo mwaka huo huo wa 1982. Hapo walipimwa elimu yao na kutayarishwa kabla ya kupelekwa Mazimbu.

Msomaji ataona mara moja kwamba vijana hawa hawakufanana na wale wanaopata nafasi ya kusoma ng'ambo na kuagwa kwa karamu. Wengi waliondoka usiku, na mama zao hawakujua. Hawakuwa na tiketi ya kurudi, wala hakuna aliyeweza kuwaambia ni mwaka gani watarudi. Hata majina waliyoyatumia, kwa wengi, hayakuwa yale waliyopewa na wazazi wao, maana jina likijulikana huku, polisi waliweza kuisumbua familia kule. Bibi yetu mzaa mama, alipoelezwa habari hiyo, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi hawa ni wageni mara mbili. Hata katika kuitwa ni wageni." Ugeni wa mwanafunzi wa kawaida huishia kwenye chakula, hali ya hewa na lugha. Wa vijana hawa ulianzia ndani ya nafsi.

Pamoja na hayo, waligawanyika kama wagawanyikavyo wanafunzi wote wa ugenini. Wapo waliokaa ndani ya kituo chao wakihesabu siku, wakila na kucheka na wenzao tu, wakaiona nchi yetu kama kituo cha gari ambapo mtu hukaa juu ya mzigo wake. Na wapo waliotoka. Walikuja sokoni, wakaja uwanjani kucheza mpira nasi, wakakaa vibarazani kwa wazee. Hatuwalaumu wale wa kwanza. Mwenye jeraha hukaa kimya. Lakini twasema yale tuliyoyashuhudia: wale wa pili ndio waliopata nguvu mapema, na ndio waliotuachia kitu.

Tutaje kwanza lugha, kwa sababu lugha ndiyo iliyowafukuza kwao. Yumkini mtu angedhani kwamba kijana aliyehatarisha maisha yake kwa kukataa lugha ya wengine angekuja huku na kukataa pia lugha yetu. Haikuwa hivyo. Kijana mmoja wa Soweto, ambaye tulimwita Ndugu kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa, alikuwa akija nyumbani kila Jumamosi na daftari lake dogo. Humo aliandika maneno ya Kiswahili upande mmoja na ya Kizulu upande wa pili. Siku moja alilisoma daftari hilo kwa sauti, akacheka kama aliyeokota fedha njiani. Kwao *ukulala* ni kulala, *ukulima* ni kulima, *ukubona* ni kuona, *inyama* ni nyama, *inyoka* ni nyoka, na *abantu* ni watu. Kisha akafika kwenye neno ambalo hatujalisahau mpaka leo. Katika Kizulu *ukufunda* ni kusoma, kujifunza. Na *ukufundisa* ni kufundisha. Nasi hapa twasema kumfunda mwali, na mjuzi wa kazi twamwita fundi. Watu waliotengana kwa maelfu ya maili na kwa karne nyingi walikuwa wamelihifadhi neno lile lile kwa jambo lile lile, kama ndugu waliogawana mkeka wa marehemu baba yao.

Katika daftari hilo tulijifunza jambo ambalo twapenda kila mwalimu wa lugha alitafakari. Kujifunza lugha ya wengine si utumwa, wala si uhuru, mpaka ijulikane nani aliyeshika fimbo. Lugha ile ya Soweto ililetwa kwa amri, ili mtoto ajue mahali pake, napo ni chini. Kiswahili cha Dakawa kilitolewa kibarazani pamoja na kikombe cha chai ya rangi, na aliyekitaka alikuja mwenyewe kukichukua. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kijana yule hakukataa kujifunza. Alikataa kudharauliwa.

Jambo la pili lilikuwa wimbo. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Wimbo huo ulienea katika bara letu, na sauti yake ndiyo tuliyoichukua katika wimbo wetu wa Taifa, "Mungu Ibariki Afrika". Ndugu alituambia kwamba asubuhi moja, siku chache baada ya kufika, alisikia watoto wa shule ya msingi wakiimba gwaride. Sauti aliijua tangu utotoni, maneno hakuyajua hata moja. Kwao wimbo ule uliimbwa katika mikutano ambayo polisi waliivunja. Hapa uliimbwa na watoto wenye kaptura mbele ya bendera, na hakuna aliyewakimbiza. Alisema alisimama barabarani mpaka wakamaliza. Twaona kwamba hili pia ni fungu la elimu ya ugenini: mtu husafiri kutafuta kipya, akakutana na cha kwao kimekua katika malezi ya wengine.

Jambo la tatu lilikuwa jembe. Methali yetu yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Bibi alipomfundisha Ndugu methali hiyo, alijibu kwa Kiswahili chake cha miezi miwili, "Bibi, mimi jembe siku ya kwanza!" Nyumba nzima ilicheka. Na ilikuwa kweli. Dakawa ilipotolewa ilikuwa pori na mbuga. Wageni wale, pamoja na wafanyakazi Watanzania na wataalamu wa nchi rafiki, wakiwamo wa Norway, walipaswa kujenga nyumba, kuchimba mitaro, kulima na kufuga. Mazimbu nako kulikuwa na mashamba, mifugo na karakana ya samani. Sisi tuliosoma katika siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 hatukushangaa kumwona mwanafunzi na jembe. Lakini kijana wa mjini, aliyezaliwa kati ya reli na viwanda vya Johannesburg, alikuwa na mengi ya kushangaa.

Udongo wenyewe ulikuwa mwalimu mkali. Anayeijua Dakawa anaujua udongo wake mweusi wa mbuga. Masika hunywa maji ukavimba na kunata, gari likazama hadi ekseli na kiatu kikabaki nyuma ya mguu. Kiangazi hukauka ukapasuka, nyufa zikaweza kumeza fimbo ya mchungaji. Ukuta wa matofali ukisimamishwa juu yake bila msingi wa kufaa, nao hupasuka. Wenyeji wa bonde hili walikuwa wamekwisha kujua wapi pa kujenga na wapi pa kuachia mpunga. Mgeni mwenye vitabu vya ujenzi ilimbidi amsikilize mzee asiyejua kusoma, na mzee naye akaja kutazama jinsi mgeni alivyochimba msingi hata ukuta ukasimama. Katika shughuli hiyo hapakuwa na aliyekuwa mwalimu siku zote, wala aliyekuwa mwanafunzi siku zote.

Jambo la nne latoka milimani. Waluguru, kama wengi wajuavyo, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yake. Ndugu alitoka katika watu ambao mume hutoa ng'ombe za mahari, na mtoto huchukua jina na ukoo wa baba. Aliposikia habari za Waluguru alidhani anataniwa. Akauliza, "Na baba je?" Bibi, aliyetoka Mgeta katika Milima ya Uluguru, akamjibu, "Baba yupo, anakula. Lakini mtoto hutoka wapi?" Walibishana Jumamosi mbili. Hakuna aliyemshinda mwenzake, wala hakuna aliyebadili mila yake. Lakini baadaye Ndugu alituambia kwamba alikuwa ameamini siku zote kuwa desturi ya kwao ndiyo desturi ya Waafrika wote. Sasa amejua kwamba Uafrika una nyumba nyingi. Twaamini kwamba mtu hawezi kuijua mila yake vizuri mpaka akutane na mtu mwenye akili timamu anayeishi kwa mila nyingine.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa asali. Watu wa nyanda za juu za Johannesburg hawajui malaria, na bonde la Wami halina msamaha. Wengi walitetemeka kwa homa katika mwezi wao wa kwanza. Joto la Februari liliwalemea. Palikuwa na ugomvi wa vijana, kama uwapo kila penye vijana. Na wapo waliokufa kabla ya kuiona nchi yao ikiwa huru. Makaburi yapo Mazimbu hata sasa, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake huko atakuwa amewafundisha historia kuliko kitabu.

Lakini mtihani mkubwa wa ujirani wetu ulikuja tarehe 12 Aprili 1984. Siku hiyo Waziri Mkuu wetu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, akitoka Dodoma kurudi Dar es Salaam, alifariki katika ajali ya barabarani pale pale Dakawa. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Tulikuwa na umri wa miaka 14, na hatujapata kuona watu wazima wakilia kama siku zile. Taifa zima lilifiwa. Lakini sisi wa Dakawa tulifiwa mlangoni petu, na wageni wetu walikuwa nyumba ya pili.

Vijana wa rika letu walianza kusema maneno ya ukali. Bibi aliwasikia. Alitoka nje, akasema, "Msiba umetukuta barabarani. Msiuingize nyumbani." Hakuongeza neno. Ndugu hakuonekana kwa Jumamosi kadhaa. Alipokuja hatimaye hakukaribia kibaraza, alisimama mbali, chini ya mkwaju, akaamkia kutoka huko, "Shikamoo, Bibi." Bibi hakujibu upesi. Aliendelea kupepeta mchele wake, nasi tukanyamaza, maana tulijua kwamba yanayoamuliwa ni makubwa kuliko salamu. Kisha akaweka ungo chini, akasema, "Marahaba. Mbona umesimama juani? Njoo ukae." Akamsogezea kigoda.

Tumeandika mashairi mengi tangu siku ile, na hatujapata kutunga ubeti wenye uzito wa kigoda kile. Wala bibi hakuwa peke yake. Wageni hawakufukuzwa na kituo cha Dakawa hakikufungwa. Mwaka uliofuata, 1985, Oliver Tambo, Rais wa ANC, aliifungua rasmi shule ya Mazimbu. Taifa lililokuwa katika majonzi lilitenganisha ajali na udugu. Mwanafunzi wa ugenini huishi kwa ukarimu huo, aujue asiujue. Kwani kuna siku atahesabiwa kwa jambo ambalo hakulitenda, na siku hiyo kitakachomwokoa ni kwamba amekwisha kujulikana kwa sura yake, kwa salamu yake na kwa daftari lake. Aliyejifungia ndani hana wa kumsogezea kigoda.

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoeleza nia ya kuunda wizara ya utamaduni wa taifa, alifundisha kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine halina akili, na kwamba kujifunza huko si kuacha yetu. Yeye mwenyewe alikuwa mfano. Alisoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Angeweza kurudi na Kiingereza cha kujivunia tu. Badala yake aliuchukua utamu aliouona kwa Shakespeare akautia katika Kiswahili, na mwaka 1969 tukapata "Mabepari wa Venisi". Aliona, akaja na alichokiona, akakipanda katika udongo wetu.

Wageni wetu nao walikwenda na mbegu. Chama chao kiliporuhusiwa tena nchini mwao, Februari 1990, walianza kurudi, na mwaka 1992 Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa Serikali yetu. Kuondoka hakukuwa furaha tupu. Wengine walikuwa wameoa au kuolewa hapa; wapo waliofuatana na wenzi wao, na wapo waliobaki na watoto wakingoja barua. Tusilifiche hilo, maana ugenini ukikumbatiwa kwa kweli huacha deni. Jina la kijiji chetu lilisafiri nao: kazi ya kufuma na kuchapa vitambaa iliyoanzia kwetu ilihamishiwa mji wa Grahamstown, ambao sasa waitwa Makhanda, na kituo hicho cha sanaa kikaendelea kuitwa Dakawa. Na mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaweza kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Tuliposikia neno *hiari* tuliikumbuka Soweto ya 1976, tukalikumbuka na daftari la Ndugu.

Leo vijana wetu wanakwenda China, India, Algeria, Urusi, Uturuki na kwingineko. Kwa hao, na kwa walimu wanaowaandaa, tuna maneno machache. Ufikapo ugenini, tafuta kibaraza kabla hujatafuta duka. Chukua daftari la pande mbili, andika la kwao na la kwako, kwa kuwa ukiandika la kwao tu utapotea, na ukiandika la kwako tu hukusafiri. Usingoje siku ya tatu ndipo uombe jembe. Bishana nao juu ya mila kwa heshima, wala usione haya kurudi bila kushinda. Na wewe mwalimu, unapompokea darasani mtoto aliyetoka mkoa mwingine au nchi nyingine, kumbuka kwamba darasa lako ndilo Dakawa yake.

Baada ya 1992, majengo ya Dakawa yakawa ya kusomea watoto wa Tanzania. Yale ya Mazimbu yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kampasi hiyo yaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Mwanafunzi anayepita langoni asubuhi na vitabu vyake hupita chini ya majina mawili, la mwenyeji na la mgeni.